Saa 6 na dakika 40: kisa cha chanzo cha eksirei ndani ya RCW 103

Upande wa kusini wa anga, katika kundinyota la Norma, kuna wingu la gesi lenye umbo la duara lililoachwa na nyota iliyolipuka yapata miaka 2,000 iliyopita. Linaitwa RCW 103. Katikati yake pana nukta moja inayong'aa kwa eksirei, na nuru yake hupanda na kushuka kila baada ya sekunde 24,030, yaani saa 6, dakika 40 na nusu. Hesabu hiyo imepimwa na kurudiwa kwa vyombo tofauti, na hakuna anayeibishia. Ubishi ulikuwa juu ya kitu chenyewe: ni kitu gani hicho kilichozaliwa juzi tu, kwa kalenda ya nyota, ambacho mapigo yake huchukua karibu robo ya siku?

Nakipenda kisa hiki kuliko visa vingi vya eksirei za galaksi yetu, na sababu yake ni moja. Kwa miaka kumi majibu mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja yalisimama bega kwa bega. Kila kipimo kipya kilipoletwa, pande zote mbili zilikipokea na kukipa nafasi. Data zilikuwepo tele. Kilichokosekana ni kipimo ambacho upande mmoja ungeshindwa kukimeza, na kilipokuja kilidumu kwa sehemu ya mia moja ya sekunde.

Mahali penyewe

Masalia ya supanova, yaani ya mlipuko wa nyota, ni zawadi kwa mchunguzi kwa sababu hubeba tarehe. Nyuzi za gesi za RCW 103 zinaonekana zikisogea kutoka katikati ukilinganisha picha za zamani na za baadaye. Ukirudisha mwendo huo nyuma unafika kwenye mlipuko wa takribani miaka 2,000 iliyopita. Umbali wake unakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya miaka ya nuru 10,000. Tarehe hii ndiyo itakayotubana hadi mwisho. Maelezo yoyote ya nukta ya katikati lazima yatoshe ndani ya karne ishirini, na kwa nyota hizo ni muda mfupi mno.

Nukta iligunduliwa na Ian Tuohy na Gordon Garmire kwa satelaiti ya Einstein, na habari zake zikachapishwa mwaka 1980. Jina lake rasmi ni 1E 161348-5055. Herufi 1E zinataja orodha ya satelaiti ya Einstein, na tarakimu zinazofuata ni anwani ya angani: saa 16, dakika 13 na sekunde 48 kwenye mstari unaofanya kazi kama longitudo, kisha nyuzi 50 na dakika 55 kusini ya ikweta ya anga. Nitaiita 1E 1613 kwa kifupi.

Tafsiri ya mwanzo ilikuwa nyepesi na ya kuridhisha. Hii ni nyota ya nyutroni, ndiyo kiini kilichobaki cha nyota iliyolipuka, ingali ya moto na inapoa taratibu. Eksirei zake zilikuwa laini, za aina inayotoka kwenye uso wenye joto. Redioni hapakuwa na kitu, na kwenye mwanga wa kawaida hapakuwa na kitu. Ukimya huo ulishangaza kidogo, maana mfano uliokuwa vichwani mwa watu ni pulsari, nyota ya nyutroni inayotoa mapigo ya mnururisho, iliyo ndani ya Nebula ya Kaa, masalia ya mlipuko ulioshuhudiwa mwaka 1054. Hiyo hujizungusha karibu mara 30 kwa sekunde na husikika kwenye kila aina ya mnururisho. Lakini baadaye nyota nyingine kimya zilipatikana katikati ya masalia mengine, Cassiopeia A ikiwemo, na 1E 1613 ikahesabiwa kuwa mzaliwa wa kwanza wa ukoo huo. Faili lilionekana kufungwa.

Lilifunguliwa na kigeugeu cha chanzo chenyewe. Mwaka 1999 Eric Gotthelf na wenzake walilinganisha vipimo vya satelaiti za Einstein, ROSAT na ASCA, wakaona kuwa mng'aro wa 1E 1613 umebadilika kwa takribani mara kumi katika miaka iliyopita. Kisha darubini ya Chandra, iliyorushwa Julai mwaka huohuo, ikaikuta imepanda makumi ya mara kati ya Septemba 1999 na Februari 2000. Kitu kinachopoa hakipandi hivyo. Jiwe la moto lililoachwa lipoe halirudi kuwa jekundu lenyewe. Ndani ya kile kitu, au kando yake, palikuwa na injini.

Jinsi saa ilivyokosekana kwa miaka ishirini na mitano

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo husahaulika, nami naona ndilo lililochelewesha kisa hiki kuliko upungufu wa akili ya mtu yeyote. Satelaiti za Einstein, ROSAT na ASCA zilizunguka karibu na Dunia, kila mzunguko ukichukua kama saa moja na nusu. Katika kila mzunguko Dunia inakuja mbele ya darubini na kuziba chanzo kwa muda mrefu. Unachopata ni vipande vya dakika kadhaa, pengo, vipande tena, pengo tena. Badiliko linalochukua saa nyingi hukatwakatwa na mapengo hayo, na hata likijitokeza huna uhakika kama umeona nyota au umeona ratiba ya satelaiti yako.

Chandra na XMM-Newton, darubini nyingine ya eksirei, ziliwekwa kwenye obiti ndefu sana, zinazozipeleka mbali na Dunia kwa siku nzima na zaidi. Zinaweza kukitazama chanzo kimoja bila kupepesa. Chandra ilitoa dalili za kwanza za mabadiliko ya saa 6 hivi. XMM-Newton ilipokitazama mwaka 2001, chanzo kikiwa bado kimechangamka, umbo la nuru lilikuwa na mabonde yaliyochanganyika na muda wa kutazama haukutosha. Agosti 2005 ikaelekezwa tena, safari hii kwa takribani saa 25 mfululizo. Chanzo kilikuwa kimetulia, na nuru ikachora wimbi karibu laini lililojirudia mara tatu na ushei. Kikosi cha Andrea De Luca kilitangaza matokeo katika jarida la Science mwaka 2006: kipindi cha saa 6.67.

Tazama umbo la data hizo kwa makini kidogo, kwa sababu ndilo chanzo cha ugomvi wote. Wimbi lilikuwa na kina kikubwa. Kati ya kilele na bonde tofauti ilikuwa kubwa mno kuweza kuitwa kelele za kipimo. Mionzi yake ilifanana na ya kitu chenye joto la takribani nyuzi milioni 6, kutoka eneo dogo lenye nusu kipenyo kisichofika kilomita moja. Nyota ya nyutroni ina nusu kipenyo cha kilomita 10 hadi 13. Kwa hiyo kilichokuwa kikiwaka ni doa tu kwenye uso wake. Na umbo la wimbi lilikuwa limebadilika: lenye mabonde mengi chanzo kilipokuwa kimechangamka, laini kilipotulia.

Doa la moto linaloonekana na kupotea kwa zamu. Hilo linasema nini?

Masomo mawili ya wimbi moja

Somo la kwanza lilisema kwamba saa 6.67 ni obiti. Nyota ya nyutroni ina mwenzi mdogo, wanazungukana, na gesi ya mwenzi inaanguka kwenye nyota na kuwaka. Ukiweka uzito wa kawaida wa nyota ya nyutroni, mara 1.4 ya Jua, na mwenzi mdogo wa sehemu nne za kumi za Jua, kanuni ya Kepler, inayounganisha muda wa obiti na ukubwa wake, inakupa umbali wa takribani kilomita milioni 1.5 kati yao. Ni kama mara nne ya umbali wa Dunia na Mwezi. Obiti za saa chache kama hizo zipo nyingi miongoni mwa nyota pacha zinazotoa eksirei, kwa hiyo kipindi chenyewe hakikumtisha mtu.

Kilichotisha ni umri. Pacha za aina hiyo ni nyota kongwe, zinazochukua mamilioni hadi mabilioni ya miaka kusogeleana kiasi cha mmoja kuanza kumnyonya mwenzake. Hapa tuna miaka 2,000. Watetezi wa somo hili walijibu kwamba huyu ni pacha mchanga ambaye hatujawahi kumwona mfano wake: mlipuko ulimpiga nyota ya nyutroni teke, obiti ikawa yai badala ya duara, na kila wanapokaribiana gesi huongezeka na nuru hupanda. Wengine walipendekeza nyota ya nyutroni yenye sumaku kali ambayo mzunguko wake kwenye mhimili umefungwa na obiti, viwili vikienda sambamba. Mawazo hayo yalikuwa na kazi ndani yake. Hayakuwa porojo.

Somo la pili lilisema kwamba saa 6.67 ni nyota ikijizungusha kwenye mhimili wake. Doa la moto linatugeukia, kisha linatupa kisogo. Injini ni uga wa sumaku, kwa sababu kuna aina ya nyota za nyutroni, magnetari, ambazo nishati yao hutoka kwenye sumaku ya gausi 10^14 hadi 10^15 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Uga wa Dunia ni kama nusu gausi. Magnetari hujulikana kwa kuwaka ghafla na kufifia kwa miezi au miaka, kama 1E 1613 ilivyofanya mwaka 2000. Tatizo la somo hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: magnetari karibu zote zinazojulikana hujizungusha mara moja katika sekunde 2 hadi 12. Sekunde 24,030 ni zaidi ya mara elfu mbili ya ile iliyo pole kuliko zote.

Inafaa tufanye hesabu yenyewe, maana ni fupi na inauma. Nyota inayopunguzwa kasi na sumaku yake pekee, uga usiobadilika, ina kanuni rahisi: mraba wa kipindi hukua sawasawa na umri. Ukiigeuza, ongezeko la kipindi kwa mwaka leo ni kipindi chenyewe kugawanya kwa mara mbili ya umri. Sekunde 24,030 kugawanya kwa 4,000 ni sekunde 6. Yaani kila mwaka mzunguko mmoja ungepaswa kurefuka kwa sekunde 6. Na uga unaohitajika kufanya kazi hiyo ungekuwa zaidi ya gausi 10^18, kiwango ambacho nguvu ya mvutano ya nyota haiwezi kukizuia; nyota ingesambaratika.

Mwaka 2011 kikosi cha Paolo Esposito kiliunganisha miaka ya ufuatiliaji, hasa wa satelaiti ya Swift, na kupata kipindi cha sekunde 24,030.42. Kuhusu kurefuka kwake waliweza kuweka kikomo cha juu tu: si zaidi ya sekunde 0.05 kwa mwaka. Chini ya sehemu moja ya mia ya kile kinachotakiwa na hesabu ya hapo juu.

Ni rahisi kusoma matokeo hayo kuwa ushindi wa obiti. Obiti ya kilomita milioni 1.5 ni kitu kizito, haibadiliki ovyo, na saa iliyotulia hivyo ndiyo hasa ungeitarajia. Lakini usomaji huo unapita kiasi. Kilichouawa na kipimo ni wazo kwamba sumaku peke yake imekuwa ikikaza breki kwa mwendo uleule tangu kuzaliwa. Wazo kwamba nyota inajizungusha lenyewe halikuguswa. Ikiwa breki ilitoka nje ya nyota, ikakazwa kwa nguvu mwanzoni, kisha ikaondoka, leo ungeona nyota iliyochoka na saa iliyotulia. Kipimo kizuri kabisa, na kila upande ukakichukua ukaondoka nacho.

Infraredi nayo ilifanya vivyo hivyo. Ikiwa kuna mwenzi, anapaswa kuonekana hata kama vumbi la Njia Nyeupe linaficha mwanga wa kawaida, kwa kuwa infraredi hupenya vumbi. Mwaka 2008 De Luca na wenzake walichapisha uchunguzi wa kina uliotumia darubini ya VLT iliyoko Chile pamoja na Hubble. Ndani ya eneo la uwezekano walikuta nyota kadhaa hafifu, hakuna iliyojipambanua kwa lolote. Mwenzi akiwepo, walisema, hawezi kuwa mkubwa kuliko kibete chekundu cha daraja la M, yaani nyota ndogo na hafifu. Wa obiti wakasema sawa, ni kibete. Wa mhimili wakasema sawa, hayupo.

Nadhani hapa ndipo mtu anayefuatilia vyanzo vya eksirei anapaswa kukaa na kutafakari, kwa sababu mkwamo huu hutokea mara nyingi kuliko inavyoandikwa. Kipindi, uthabiti wake, joto, ukosefu wa mwenzi mkubwa, hata mwako wa mwaka 2000: vyote vilikuwa kweli, vyote vilipimwa vyema, na hakuna hata kimoja kilichochagua. Kuongeza usahihi wa kipindi kwa tarakimu nyingine mbili kusingesaidia. Ilibidi chanzo chenyewe kifanye jambo ambalo pacha haiwezi kulifanya.

Juni 22, 2016

Swift ina chombo kinachotazama sehemu kubwa ya anga kwa pamoja kikisubiri mimweko. Tarehe 22 Juni 2016 kilinasa mmweko mfupi kutoka upande wa RCW 103. Ulidumu takribani milisekunde 10. Satelaiti iligeuka yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya, ikaelekeza darubini yake ya eksirei kwenye eneo hilo na kuikuta 1E 1613 imewaka karibu mara 100 kuliko ilivyokuwa wiki chache kabla.

Habari zilitoka katika ripoti mbili za mwaka huohuo, moja ikiongozwa na Antonino D'Aì na nyingine na Nanda Rea. Rea na wenzake walitumia Chandra na NuSTAR. NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, huona eksirei ngumu ambazo darubini za kabla yake hazikuweza kuzilenga vizuri, na hapo ilikuta kitu kipya: pamoja na mionzi ya uso wa moto, chanzo sasa kilikuwa na mkia wa nishati ya juu unaofika karibu kilo-elektronivolti 30. Wimbi la saa 6.67 lilikuwa palepale, ila lilikuwa limebadilika sura, lenye vilele viwili badala ya kimoja kilichoonekana kwa miaka mingi ya utulivu.

Sasa pima mmweko ule. Katika milisekunde 10 mwanga husafiri kilomita 3,000. Kitu chochote kinachowaka na kuzima ndani ya muda huo hakiwezi kuwa kikubwa kuliko hapo, ama sivyo sehemu zake za mbele na za nyuma zingetufikia kwa kupishana na mmweko ungefifishwa. Obiti iliyopendekezwa ina upana wa mamia ya mara ya hapo. Mmweko ulitoka kwenye nyota yenyewe au jirani yake kabisa.

Je, pacha inayomeza gesi haiwezi kumweka? Inaweza, na hutokea. Gesi iliyorundikana juu ya nyota ya nyutroni hufika wakati ikaungua kwa nyuklia, na mimweko hiyo inajulikana vizuri tangu miaka ya 1970. Lakini ina sura yake. Hupanda haraka na kushuka polepole, hudumu sekunde nyingi hadi dakika, na rangi ya mionzi inaonyesha uso ukipoa kadiri muda unavyokwenda. Mmweko mmoja mkavu wa milisekunde 10, ukifuatwa na kupanda kwa mionzi yote mara 100, mkia wa eksirei ngumu na mabadiliko ya umbo la wimbi, hauna mahali pa kuwekwa katika kitabu cha pacha. Katika kitabu cha magnetari ni ukurasa wa kawaida kabisa. Ganda la nyota hubanwa na uga unaojipinda chini yake, hulegea ghafla, mistari ya sumaku inajipanga upya, madoa ya moto yanahama. Ndiyo maana wimbi hubadili sura bila kubadili kipindi.

Ukirudi sasa kwenye mwako wa mwaka 2000 na mabonde yaliyochanganyika ya mwaka 2001, unaona ni tabia ileile. Data hizo zilikuwa zimesema jambo hilohilo, kwa sauti ya chini.

Picha ya mwisho ya ushahidi

Hata hivyo mtu mkaidi, na sayansi inamhitaji mtu huyo, angeweza kusema: sawa, nyota ni magnetari, lakini pengine ina mwenzi pia, na saa ni ya obiti. Hubble ilimjibu. Wiki chache baada ya mmweko, kikosi cha Shriharsh Tendulkar kilipiga picha za infraredi za eneo lile, kisha wakazilinganisha na picha za zamani za Hubble. Mahali pa 1E 1613 palikuwa na nukta hafifu ambayo hapo awali haikuwepo.

Nukta hiyo inaua mwenzi kwa njia mbili kwa pamoja. Kibete chekundu hakijifichi kikajitokeza. Kingekuwepo katika picha za zamani pia. Na hata sasa ilipong'aa, nukta ni hafifu mno kuwa nyota ya kawaida yenye uzito wa kulisha mwenzake. Uwiano kati ya infraredi na eksirei zake unaangukia pale zinapoangukia magnetari nyingine. Iko peke yake. Saa 6.67 ni mzunguko wa nyota moja kwenye mhimili wake.

Napenda uamuzi huu ulivyofikiwa, hasa kwa kuwa picha za zamani, zilizoonekana kushindwa mwaka 2008 kwa kutopata kitu, ndizo zilizoupa ugunduzi wa 2016 uzito wake. Bila picha ya pengo, nukta mpya ingekuwa nyota moja zaidi katika anga lililojaa nyota.

Breki

Ubainishaji umekwisha, lakini deni la umri bado liko mezani: nani aliizuia nyota hii? Jibu linalokubalika zaidi linarudi kwenye mlipuko. Si kila kilichotupwa na supanova huondoka. Sehemu hurudi, na kwa kuwa ina mzunguko wake haianguki moja kwa moja. Hutengeneza sahani ya gesi kuizunguka nyota changa. Nyota yenye uga mkali na kasi kubwa huishika gesi hiyo kwenye ukingo wa sahani na kuirusha nje. Kila tone linalorushwa huondoka na sehemu ya mzunguko wa nyota. Breki ya aina hii ina nguvu kuliko mnururisho wa sumaku pekee kwa kiasi kikubwa mno, na hufanya kazi hadi nyota ipungue kasi kiasi cha kwenda sambamba na ukingo wa sahani, au hadi sahani iishe.

Kina cha breki hutegemea sumaku. Uga wa kawaida wa pulsari, gausi 10^12, huiruhusu sahani isogee karibu, ambako gesi inazunguka haraka, na nyota husimama kwenye kipindi kifupi. Ili ukingo usukumwe mbali kiasi kwamba mzunguko wake uwe wa saa, unahitaji gausi 10^15 na zaidi. De Luca na wenzake walikuwa wameiona hesabu hii tangu mwaka 2006, na baada ya 2016 wengine, Wynn Ho na Nils Andersson wakiwemo, waliiboresha wakaonyesha kuwa miaka 2,000 inatosha. Breki ya nje, iliyokazwa mapema, ikaondoka. Ndivyo saa iliyotulia ya 2011 inavyopata maana yake.

Kinachonisumbua katika maelezo haya, na nakisema kwa heshima kwa walioyajenga, ni upweke wa mfano. Ikiwa sahani ya gesi inayorudi ni jambo la kawaida baada ya supanova, kwa nini magnetari nyingine zimesimama kwenye sekunde 12? Ama 1E 1613 ilipata sahani nene kuliko kawaida pamoja na uga mkali kuliko kawaida, ama wenzake wako huko nje na hatukuwa na vyombo vya kuwaona.

Miaka ya karibuni imeanza kuelekea jibu la pili. Mwaka 2022 kikosi cha Natasha Hurley-Walker nchini Australia kilitangaza chanzo cha redio kinachopiga kila baada ya dakika 18.18. Vingine vikafuata: kimoja cha dakika 54, kimoja cha dakika 44 ambacho Chandra ilikikuta kikitoa eksirei pia, na mwaka 2025 kikatangazwa ASKAP J1839-0756, chenye kipindi cha saa 6.45, karibu kabisa na saa ya RCW 103. Na ubishi umezaliwa upya kwa maneno yaleyale: ni obiti au ni mhimili? Safari hii jibu halifanani kwa wote. ILT J1101+5521, chenye kipindi cha saa 2 hivi, kimethibitika kuwa kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota ya kawaida iliyokufa, kinachozungukana na kibete chekundu. Huko saa ni ya obiti. ASKAP J1839-0756 kinaonyesha pigo la pili dogo katikati ya mzunguko, kama vile ncha mbili za sumaku zinatugeukia kwa zamu, na hilo linaelekea kwenye mhimili wa nyota moja. Kila kimoja kitahitaji kuhukumiwa kwa ushahidi wake, kwa infraredi ya kabla na ya baada, na kwa subira ya kungoja siku kitakapowaka.